Samaki wa Mama Wilondja

Wiki iliyopita tulimzika Mama Wilondja hapa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na tangu siku hiyo sijaweza kula samaki. Si kwa huzuni, nisijisingizie. Ni kinyaa. Tulipotoka makaburini tulikaa chini ya turubai mbele ya nyumba yake, tukanawa mikono katika beseni, zikaletwa sahani za bukari, ugali wa kwetu, na mikeke, samaki wa ziwani, wa kukaanga, na mbele yangu kabisa, katika kiti cha plastiki chenye mikono, alikuwa ameketi Honoré, ambaye mpaka leo tunamwita Chef, yaani mkuu. Sasa ni mzee. Ana mkongojo, ana miwani, ana watu wanaomwinukia. Alikuwa anakula vilevile kama alivyokula zamani: anachambua samaki kwa vidole vyote vitano, ananyonya kichwa mpaka kinalia, anatema miiba pembeni ya sahani, halafu anajipangusa na kitu chochote kilicho karibu. Safari hii alijipangusa na kitambaa cha meza cha wafiwa. Nilimtazama, nikajiona mwenyewe. Sahani yangu nilikuwa sijaigusa. Kuna swali moja ambalo marehemu aliniuliza nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Nilimjibu uongo kwa sauti tamu, na kwa miaka yote tuliyoendelea kukutana sokoni na kanisani sikuwahi kwenda kuufuta uongo ule. Nilikuwa nangoja siku nzuri, na sasa mwenyewe yuko chini ya udongo.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo ya ziwa, kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania nilikosomea tangu darasa la kwanza. Nilipata kazi ya kufundisha shule ya msingi, na Mama Wilondja akanipangisha chumba uani kwake. Kilikuwa chumba cha udongo chenye bati zito la kutu, kitanda cha kamba, msumari mmoja wa kutundikia shati, na dirisha dogo lililotazama moja kwa moja jikoni mwake. Kwa dirisha lile nilijua habari za mtaa mzima bila kutoka nje. Nilijua nani ameachwa, nani amepata mimba, nani ameuziwa ndagala, dagaa wa kwetu, wenye mchanga. Nilijua pia kwamba mume wa Mama Wilondja alikwenda migodini Kilembwe kutafuta maisha na hakurudi, na kwamba mama yule hakuwa na kingine duniani ila mwanawe mmoja, Wilondja, wa miaka kumi na mitatu, mrefu, mwenye aibu, anayekula taratibu kama mtu anayehesabu. Kila Jumapili baada ya ibada mama huyo aliniletea sahani iliyofunikwa: bukari, sombe ya majani ya muhogo, na kipande cha samaki. Alikuwa anabisha mlango kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. "Kula, Mwalimu," alikuwa anasema, "mutu hawezi kuishi na chaki." Nilikuwa nazisubiri Jumapili zile kwa hamu.

Chef Honoré aliniita nyumbani kwake siku moja baada ya shule. Sebule yake ilikuwa imejaa viti vya mbao vilivyovikwa vitambaa vya kusuka, chupa ya chai yenye maua, na picha yake mwenyewe akiwa na kofia, imetundikwa juu kuliko msalaba. Kulikuwa na harufu ya samaki wa jana. Aliwahi kuwa karani wa bohari huko mjini, akarudi na filimbi, skafu za kijani robota moja, na maneno mengi juu ya nidhamu ya vijana. Alisema anaanzisha kikosi cha skauti. Watoto wa kiume wa Baraka wanaharibika, wanashinda ufukweni, wanavuta bangi, wanatamani bunduki, na yeye atawafanya watu. Mimi nilipenda. Kule kambini Tanzania nilikuwa nimewaona maskauti wa kweli, wanazima moto, wanasindikiza wagonjwa, na hakuna jambo baya nililowaona wakilitenda. Sikujua kwamba kikosi cha Honoré kilikuwa chake peke yake, na kwamba skauti wenyewe, wale wenye ofisi na vyeti, hawakuwa wamesikia hata jina lake. "Shida iko bazazi," aliniambia, yaani wazazi, huku akijichokoa meno. "Mi nikisema, banaogopa. Lakini we, una ile Kiswahili ya Tanzania, iko sawa asali. Utabasemesha bazazi, mi nitachunga batoto. Sawa?" Nilifurahi, mjinga mimi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nina kitu.

Mikutano miwili ya kwanza ilikwenda vibaya. Tulikuwa tunakutania katika ukumbi wa kanisa, akina baba upande mmoja, akina mama upande mwingine wakiwa na watoto mgongoni, na mimi mbele na shati langu moja jeupe. Nilieleza ahadi ya skauti, nikaeleza huduma kwa jamii, nikaeleza kufunga mafundo. Walinisikiliza kwa adabu, na hakuna aliyeandikisha mtoto. Mwishoni mwa mkutano wa pili baba mmoja, mvuvi, alisimama akasema kile ambacho wote walikuwa nacho moyoni. "Mwalimu, usikasirike. Batoto banapanga mustari, banavaa kitambaa ku shingo, banashika fimbo, banaimba. Bale ba mu pori na bunduki balianzaka vilevile. Mimi nilishatoaka mutoto moja, hakurudi." Na mama mmoja akadakia, "Na bakienda kulala ku kilima, nani atajua kama mutoto anaumwa? Tutaenda kubaangalia ao hapana?" Chef Honoré alinikazia macho kutoka mlangoni, na nikaona kwamba asali yangu inakaribia kumwagika.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nilifanya kwa akili yangu yote. Nililala nikiwaza, na katika mkutano wa tatu nilikuja na neno jipya. Niliwaambia: "Wazazi wangu wapenzi, mbona jambo hili mnalijua kuliko mimi? Si mnalo jando? Mtoto huondoka nyumbani akakaa kando na watu wazima. Mama hapiti mpaka. Chakula anakiacha njiani na kurudi. Na mtoto akitoka, mama hamwulizi walimfanya nini kule, anapokea mwanamume, anashukuru. Basi kambi ya skauti ni hiyo hiyo." Ukumbi ulibadilika. Wazee walitazamana, mmoja akapiga goti lake kwa kofi. "Aa! Kumbe iko butende," alisema, kwa jina ambalo Wabembe huliita jando, "butende ya masomo!" Watu wakacheka, wakalegea, wakaanza kusogea mbele kuandikisha majina. Kile ambacho sikuwaambia ni kwamba mimi mwenyewe sikukaa jandoni hata siku moja. Nilitahiriwa katika zahanati ya kambi nikiwa na miaka minane, nikapewa sindano na biskuti, nikarudi nyumbani kwa miguu. Sikujua kwamba wazee wa jandoni nao huchungwa, na kwamba anayemtesa mtoto kule ana watu wa kumjibu. Mimi nilichukua kile kimya tu, nikakibandika kwenye kitu kingine, nikamkabidhi Honoré. Na jiwe jeupe pale njia inapogawanyika, chini ya kilima, kwamba hapo ndipo akina mama watakapoacha chakula na wasipite, lilikuwa wazo langu, si lake.

Mama Wilondja alikuwa wa mwisho kuja mezani. Alisimama mbele yangu, mikono imekunjwa juu ya kitenge chake cha bluu chenye ndege wa njano, akasema kwa sauti ambayo watu wote walisikia: "Kama iko butende, mi sitamuuliza mutoto kitu. Ni sheria. Lakini we, Mwalimu, we hauko mutoto wa butende. Nitakuuliza we." Watu walicheka. Nikacheka nami. "Niulize, Mama," nikasema. "Nitakujibu." Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeweka kitu kabatini na kufunga, kisha akanipa jina la mwanawe.

Walipanda kilima wakati wa likizo kubwa, jua likiwa kali na majani yamekauka. Kazi yangu ilikuwa kubaki mjini na wazazi. Kila alasiri nilisimama kwenye jiwe jeupe nikiwapokea akina mama na vikapu vyao, nikiwashukuru kwa misemo mizuri, na wavulana wawili wakubwa walishuka kuchukua. Waliweka unga, maharage, ndizi, mafuta ya mawese kwenye chupa. Mama Wilondja, katika wiki ya pili, alikwenda mpaka kijiji cha Swima alfajiri kununua mikeke wanapotolewa tu majini, maana alisema wa Baraka wameshalala. Nilimwona kwa dirisha langu akiwakaanga, akigeuza mmoja mmoja, akionja chumvi kwa ncha ya ulimi. Aliwafunga kwenye jani la ndizi, akachana ukanda kutoka kwenye pindo la kitenge kile cha ndege, akafungia. "Wilondja anapendaka kichwa," aliniambia pale kwenye jiwe. "Bamuachie kichwa." Nikamwambia nitahakikisha. Siku iliyofuata Honoré akatuma mtu kuniita, niende juu nikachukue barua ya kuwasomea wazazi.

Nilipanda tangu asubuhi bila kutia kitu tumboni. Kabla sijaona chochote nilisikia harufu, ya uchafu wa binadamu na chakula kilichochacha. Halafu nikawaona. Hakukuwa na mafundo, hakukuwa na bendera. Kulikuwa na shimo la udongo, na watoto wa kiume wa Baraka wamesimama ndani yake hadi magotini, wanaukanyaga, wengine wanajaza vibao vya matofali, wengine wanabeba. Matofali yalikuwa yamepangwa safu kwa safu mpaka chini kwenye kiwanja ambapo Honoré alikuwa anajenga. Kando, juu ya mafiga, kulikuwa na sufuria moja ya muhogo na maharage yaliyotobolewa na wadudu, povu juu, nzi juu ya povu. Mtoto mmoja alikuwa amechuchumaa vichakani akishika tumbo. Wilondja alipita mbele yangu na matofali mawili kichwani, mikono imepasuka kwenye viungo, na hakunisalimu. Alinitazama tu, kisha akatazama chini, kwa sababu aliambiwa kwamba yaliyo hapa hayasemwi. Na aliyewaambia hivyo alikuwa ameyapata maneno hayo kwangu.

Honoré alikuwa chini ya turubai na rafiki zake wawili, fulana imempanda juu ya kitambi, mafuta yanamshuka kiwikoni. Mbele yao jani la ndizi lilikuwa wazi, na ule ukanda wa bluu wenye ndege wa njano ulikuwa umetupwa majivuni. Alikuwa na kichwa cha mkeke mkononi, anakinyonya. "Karibu, Mwalimu! Kaa. Kula." Nilimwambia, "Chef, chakula hiki ni cha watoto." Wakacheka wote watatu. "Batoto banajifunza uvumilivu. Sasa butende iko na samaki?" Alijipangusa midomo na skafu ya kijani, skafu ileile ambayo watoto waliapa wakiivaa. "We njo ulibaambia bazazi. We ulifunga mulango, mi niko naketi tu mu nyumba. Kula, ndugu yangu, tuliipasha, iko ya moto." Na mimi nikakaa, nikala. Kwa miaka mingi nimejipa sababu: kwamba niliogopa, kwamba nilitaka kumchunguza, kwamba ningekataa angenishuku. Sababu ya kweli ni moja, nilikuwa na njaa na samaki alinukia vizuri. Alikuwa mtamu. Chumvi ilikuwa sawasawa. Nilipoinua macho nikilamba vidole, Wilondja alikuwa amesimama pembeni ya shimo, anasubiri kupokewa matofali, ananitazama.

Wengine wangefanya nini, sijui. Mimi nilichukua barua, nikashuka, nikawasomea wazazi kwamba watoto wao wanaendelea vizuri.

Walirudi wiki iliyofuata kwa gwaride. Honoré alipuliza filimbi, watoto wakapita uwanjani na skafu zilizofuliwa siku hiyo, wamekonda, magoti yametokeza, na akina mama wakapiga vigelegele. Wakonde, ndiyo jando. Wanyamaze, ndiyo jando. Kila nilichokiona kibaya kilikuwa kimeshapewa jina zuri, na jina lilitoka kinywani mwangu. Mama Wilondja alimwangalia mwanawe kutoka miguuni hadi kichwani. Hakumwuliza neno. Alimgusa shavu, kisha akageuka akanijia mimi, palepale mbele ya watu. "Mwalimu. Nilisema nitakuuliza we. Samaki yangu ilifika?"

"Ilifika, Mama."

"Alikula?"

Nyuma yake Wilondja alikuwa anatazama ardhi. Pembeni Honoré alikuwa anapeana mikono na wachungaji. "Alikula, Mama," nikasema. Na kwa kuwa nilikuwa hodari, nikaongeza utamu ili auamini vizuri: "Na wote walisifu. Alikuwa mtamu sana, chumvi sawasawa kabisa." Alitazama mdomo wangu, si macho. "Aksanti," akasema.

Jioni ile, jua likiwa bado halijazama, nilikaa kitandani nikitega sikio dirishani. Nilingoja amwulize mwanawe. Nilijiambia akiuliza, na mtoto akisema, yatakuwa yametoka bila mimi, nitachukua mfuko wangu niondoke. Nilimsikia akichemsha maji. Nilimsikia akisema, "Lete mikono." Maji yakamwagika kwenye beseni. Mtoto akavuta pumzi kwa maumivu. Mama akamsimulia habari za mbuzi wa jirani aliyekula sabuni, akamwambia sabuni imepanda bei, akamwuliza kama anataka sombe au maharage. Juu ya mikono ile iliyopasuka hakusema neno hata moja. Alikuwa ameahidi katika ukumbi wa kanisa, na alikuwa mtu wa kushika neno. Nilikaa pale nikimchukia Honoré kwa nguvu zangu zote, maana ilikuwa rahisi kuliko kazi nyingine iliyokuwa mbele yangu, ile ya kuvuka ua wa hatua kumi nikamwambie ukweli.

Jumapili iliyofuata sahani haikuja. Wala ile iliyofuata. Nilijiambia biashara yake imekuwa mbaya, na nikamwonea huruma, nikamwonea huruma yeye! Tulisalimiana vizuri, nililipa kodi, alinipa chenji. Honoré alipoanza kuzungumzia kambi ya pili nilimwambia nina kazi nyingi, jibu la mwoga, na mwisho wa mwaka wa shule nikaomba uhamisho kwenda Fizi, nikarudi Baraka miaka kadhaa baadaye nikapanga kwingine. Nyumba ya matofali ilikamilika. Bado ipo, ina baraza na rangi, na watu wakipita husema mzee yule alijijenga.

Basi tulikuwa pale chini ya turubai. Wilondja, ambaye sasa ni muuguzi, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, alikuja akaniinamia sikioni. "Mwalimu, useme neno. Mama alipendaka Kiswahili yako." Sikujua kama ni heshima au ni kisu. Nikasimama. Nilianza kama ninavyoanza siku zote, "Ndugu zangu waombolezaji, marehemu mama yetu mpendwa," na nikahisi maneno yananuka. Nikayaacha.

"Samaki haikufika," nikasema. "Mwaka ile ya kambi. Mama huyu aliniuliza, nikamudanganya. Batoto balikuwa banafanya matofali, banakula uchafu. Samaki ya Wilondja, mi njo nilikula. Mi na huyu." Nikamwonyesha Chef Honoré kwa kidevu.

Honoré aliacha kutafuna. "Mambo ya zamani, Mwalimu," akasema. "Kaa chini, bantu bako na kilio." Wengine walinong'ona kwamba si mahali pake. Wilondja hakusogea. Aliyejibu alikuwa Mama Feza, mdogo wake marehemu, aliyekuwa anagawa chakula na kijiko kikubwa mkononi.

"Alijua," akasema. Hakupandisha sauti. "Alijua siku ileile. Alisema: huyu alikuwa huku mu mji na siye bamama, chumvi alionjea wapi?" Akakiweka kijiko. "Mi nilimuambia amufukuze. Akakataa. Kila Siku ya Mungu, tukitoka ku kanisa, alikuwa anakutilia sahani, anaifunika, anaiweka pale ku mulango ya jiko. Anasema, leo akikuja kusema, nitamupa. Tunangoja, tunangoja. Magaribi anaipa kuku. Vile mupaka ulihama."

Mlango wa jiko ulikuwa nyuma yake. Nilikuwa nimeutazama kwa dirisha langu mwaka mzima, na sahani ile niliiona, nilidhani ni ya mgeni. Mama Feza alichukua sahani safi, akatia bukari, akachagua mkeke mzima na kichwa chake, akaja akaiweka mikononi mwangu, akasimama palepale.

"Sasa umesema," akasema. "Kula."

Nikala yote, na kichwa pia, watu wote wakinitazama. Chumvi ilikuwa sawasawa.